Kikokotoo Kinajua Bei Tu

Machi 2020 ofisi ya mkaguzi mkuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilitoa ripoti isiyohusu roketi wala mwezi. Ilihusu bili. Wakati huo NASA ilikuwa na vituo 12 vilivyotunza picha na vipimo vya setelaiti zinazoitazama dunia: mvua, misitu, barafu, joto la bahari. Data hizo hutolewa bure kwa yeyote anayezihitaji, na wanaozihitaji wamo hata huku kwetu. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichopo Kasarani, Nairobi, kimekuwa kikizitumia kwa miaka mingi kufuatilia mazao na ukame. Wakati ripoti inaandikwa, ghala zima lilikuwa na petabaiti 32, na ilitarajiwa kwamba kufikia 2025 zingekuwa 247. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja. Kuibeba kwa simu za gigabaiti 64 ungehitaji simu zaidi ya 15,000. Kwa mzigo wa namna hiyo, uamuzi wa kuhamia kwenye wingu la Amazon ulikuwa na mantiki yake. Mkaguzi lakini aliona tundu. Kwenye wingu, data inalipiwa inapokaa, na inalipiwa tena inapotoka, na anayelipia kutoka kwake ni mwenye data, si anayeipakua. Vituo vilipokuwa vinatumia seva zao wenyewe, faili moja zaidi kupakuliwa halikuongeza senti kwenye bili. Sasa lingeongeza, na gharama hiyo haikuwa imetazamwa ipasavyo. Ripoti ilionya kwamba ikizidi, shirika linaweza kulazimika kuwabana wapakuaji, ilhali data ya namna hii ina thamani pale tu inapopakuliwa.

NASA si watu wa kushindwa na hesabu za kuzidisha. Na zana za kukadiria gharama za wingu zilikuwepo, za bure, mtandaoni: Amazon wana kikokotoo chao, Microsoft chao, Google chao. (Msomaji wa Tanzania aniwie radhi kwa neno hilo, ambalo tangu 2018 halitamkwi bila mtu kukumbuka ugomvi wa hesabu ya mafao ya wastaafu. Hata hapa ugomvi si wa mashine ya kukokotoa, ni wa namba zinazotiwa ndani yake.) Ninachodai ni kwamba vikokotoo hivi ni sahihi, tena sahihi hadi senti, kwa nusu moja ya hesabu, na kwa nusu ya pili havijui chochote. Bili ya wingu ni bei mara kiasi. Bei wanayo wao. Kiasi unakileta wewe, mara nyingi kwa kubahatisha, kisha kikokotoo kinakurudishia ubahatishaji wako ukiwa umevaa suti na desimali mbili.

Kwa asiye wa fani, wingu halina uhusiano na anga. Ni majengo yaliyojaa kompyuta, majenereta na mitambo ya kupoza hewa, ambayo mwenyewe anakukodishia vipande vipande: saa moja ya seva, gigabaiti moja ya hifadhi kwa mwezi, ombi moja la kusoma rekodi. Amazon walipoanza biashara hiyo mwaka 2006, bei zao zingeenea nyuma ya bahasha: senti 10 kwa saa ya seva, senti 15 kwa gigabaiti ya hifadhi kwa mwezi, na ada ya kusafirisha data. Leo orodha hiyo haisomeki na binadamu kwa ukamilifu, ndiyo maana vikokotoo vikahitajika. Ahadi ya msingi haijabadilika, nayo ni kulipia ulichotumia tu. Watanzania wanaijua ahadi hiyo kwa jina: LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ila vitu hivi viwili vinafanana kwa maneno na kupishana kwa matendo. LUKU unanunua uniti kwanza. Zikiisha taa zinazima, na hasara yako haiwezi kuzidi ulichoweka. Wingu ni ile mita ya zamani ya kusomwa mwisho wa mwezi, tena isiyo na fyuzi. Kiwanda kizima kikijiunga na waya wako usiku, umeme utatoka tu, na ankara itakuja kwa jina lako.

Tuuone mfano mdogo kwa bei za orodha za Amazon katika eneo la Virginia ya Kaskazini. Duka la mtandaoni linataka seva mbili za kawaida, aina ya t3.medium, kila moja dola 0.0416 kwa saa. Kikokotoo kinazidisha kwa saa 730, yaani saa za mwaka mzima zikigawanywa kwa miezi 12, japo Februari ya siku 28 ina saa 672 na mwezi wa siku 31 una 744. Inapatikana dola 30.37 kwa seva, 60.74 kwa zote mbili. Diski ya gigabaiti 50 kwa kila seva, kwa senti 8 kila gigabaiti, inaongeza dola 8. Jumla 68.74. Ni namba safi, ya kupeleka kwa bosi. Sasa mhandisi mwangalifu, akifuata ushauri wa kawaida wa usalama, anaziweka seva hizo kwenye mtandao wa ndani usiofikika moja kwa moja kutoka nje. Hapo zinahitaji lango la kutokea, linaloitwa lango la NAT, ili zipate masasisho na kuzungumza na mifumo ya malipo. Anaweka mawili, moja likianguka lingine libebe. Kila lango ni senti 4.5 kwa saa, dola 32.85 kwa mwezi. Mawili ni 65.70. Malango yamekaribia bei ya nyumba! Na bado kila gigabaiti inayopita langoni inatozwa senti 4.5 nyingine. Bei ya lango ilikuwa ndani ya kikokotoo muda wote, imeandikwa sawasawa. Kikokotoo hakikuuliza kama utalihitaji. Muuza mabati naye ukimpa vipimo vya paa atakupigia hesabu ya mabati bila kosa. Mbao na misumari hukumuuliza.

Vitu vya aina hiyo ni vingi, na vinapenda kujificha mahali ambapo mtu hafikirii kuwa pana mita. Kuhifadhi gigabaiti moja ya kumbukumbu za mfumo, zile logi ambazo programu huandika kila inapofanya jambo, hugharimu kiasi cha senti 2.3 kwa mwezi kwenye hifadhi ya kawaida. Kuipokea gigabaiti hiyo hiyo kwenye huduma ya uangalizi ya CloudWatch ni senti 50, zaidi ya mara 20. Mtengenezaji programu aliyesahau kuzima logi za majaribio anaweza kuipandisha bili bila duka kupata mteja mpya hata mmoja. Seva mbili za mfumo mmoja zikiwa kwenye majengo mawili ya eneo lile lile, mazungumzo yao wenyewe kwa wenyewe nayo yana ada, senti moja kwa gigabaiti kila upande. Nani anajua, kabla mfumo haujaanza, seva zake zitazungumza gigabaiti ngapi?

Kiasi kinaweza pia kukimbia. Mwaka 2020 kampuni changa moja ilikuwa inajaribu programu yake kwenye wingu la Google, na wenyewe wakasimulia hadharani yaliyowakuta. Walikuwa wameweka bajeti ya dola 7. Programu ilikuwa inafuata viungo vya kurasa za intaneti; ukurasa mmoja ukielekeza kwenye mwingine, na huo ukirudisha kwenye wa kwanza, programu ikawa inajiita yenyewe bila kikomo, juu ya mfumo ulioruhusiwa kujizidisha hadi mara 1,000. Katika saa chache hifadhidata ilisomwa mara bilioni 116. Bei ya kusoma ilikuwa senti 6 kwa kila usomaji 100,000. Chukua karatasi: bilioni 116 gawanya kwa 100,000 ni 1,160,000, zidisha kwa senti 6, ni dola 69,600. Bili nzima ilikaribia dola 72,000. Hakuna tarakimu iliyokosewa hapo. Ungekiambia kikokotoo bilioni 116 kingekupa jibu lile lile, sahihi kabisa. Google waliwasamehe deni. Na ile bajeti ya dola 7? Kwenye wingu, bajeti kwa kawaida ni kengele, haizuii chochote: hutuma barua pepe. Na kwa kuwa takwimu za matumizi huchelewa kufika, kengele hulia nyumba ikiwa imeshaungua.

Hata ile nusu ya bei, niliyosema ni sahihi hadi senti, ni sahihi kwa siku ya kuuliza. Tarehe 1 Februari 2024 Amazon walianza kutoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya intaneti ya mfumo wa zamani inayotumika hadharani, kitu ambacho kikiwa kinatumika kwenye seva kilikuwa bure. Ni dola 3.65 kwa mwezi kwa anwani. Kwa mwenye anwani 200 ni dola 730. Makadirio yote yenye anwani hizo yaliyofanywa kabla ya kutangazwa kwa ada hiyo yalipitwa na wakati bila mwenyewe kugusa chochote. Mahali nako kuna bei yake. Gigabaiti inayotoka Virginia kwenda kwa watumiaji huanzia senti 9. Inayotoka Cape Town, ambako Amazon walifungua eneo lao mwaka 2020 na ambako ni karibu zaidi na watumiaji wa Afrika Mashariki, huanzia senti 15.4. Kisha kuna jambo ambalo mwandishi wa kikokotoo aliyeko Seattle halimnyimi usingizi: sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Kampuni ya Nairobi yenye bili isiyobadilika ya dola 1,000 ilijikuta inalipa asilimia 30 zaidi ndani ya mwaka mmoja, kisha ikapumua. Kikokotoo cha Amazon chenyewe kinasema wazi kwamba makadirio yake hayana kodi ndani, na VAT ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara. Kusema "dola 68.74" mbele ya mambo hayo ni kupima kitambaa kwa milimita huku aliyeagiza nguo hajulikani urefu wake.

Kuna atakayejibu kwamba kila makadirio yana makosa. Mkadiriaji majenzi naye hukosea, nyumba huishia juu ya hesabu, na hakuna anayetaka kalamu yake itupwe. Ni kweli, na mimi siitaki itupwe. Lakini kosa la ujenzi lina breki. Saruji ikiisha, fundi anapiga simu. Mwenye nyumba anaguna, anauliza, anakubali au anasimamisha kazi hadi mwezi ujao. Kati ya kosa na malipo pana mtu. Kwenye wingu mtu huyo ameondolewa makusudi, kwa kuwa hicho ndicho kinachouzwa: wateja wakimiminika usiku wa sikukuu, mfumo ujiongezee seva wenyewe bila kumwamsha mtu. Sifa ile ile inayookoa duka siku ya mauzo makubwa ndiyo inayolimaliza siku ya kosa. Kwa hiyo makadirio ya wingu yanahitaji kitu ambacho ya ujenzi hayakihitaji, yaani maelezo ya nini kitatokea kiasi kikiwa mara 10 au mara 100 ya kilichoandikwa, na nani ataona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: zana zinazidi kuwa na akili. Infracost, kwa mfano, haisubiri mtu ajaze fomu. Inasoma maelezo ya miundombinu ambayo wahandisi wameshayaandika kama programu, inayaona malango yale mawili ya NAT yenyewe, na kumwambia mhandisi kabla hajathibitisha mabadiliko kwamba bili itapanda kwa kiasi gani. Kwa mfano wangu wa duka, hii ni tiba kamili ya kosa la kusahau lango, na ni kazi nzuri. Ila itazame inapofika kwenye huduma zinazotozwa kwa matumizi. Hapo inaandika kwamba gharama itategemea matumizi, na kukuomba faili la makisio yako. Imefika kwenye mpaka ule ule na kusimama, kwa uungwana kuliko vikokotoo vingine, maana haijifanyi kujua. Zana nyingine hutabiri kutokana na historia: Cost Explorer ya Amazon huchora mwezi ujao kwa kufuata miezi iliyopita, na pembeni ya mstari huonyesha upana wa uwezekano wa asilimia 80. Huo ndio uandishi wa heshima, kwa kuwa unakiri kwamba jibu ni ukanda. Lakini historia inahitaji uwe umeshaanza kutumia, na aliye karibu kuhama hana historia. Na bado hata wenye historia ndefu hawajioni vizuri. Kampuni ya Flexera huwauliza wateja wa wingu kila mwaka wanadhani ni sehemu gani ya pesa zao inapotea bure. Mwaka 2022 jibu la wastani lilikuwa asilimia 32, mwaka 2024 asilimia 27. Flexera wanauza programu za kubana matumizi, kwa hiyo tuwasikilize kama tunavyomsikiliza muuza miamvuli akizungumzia mvua. Ila kinachonigusa si ukubwa wa namba. Ni kwamba wenye pesa, miaka zaidi ya 15 tangu biashara hii ianze, bado wanadhani tu.

Wapo wanaoamini kwamba utata wote huu ni mtego wa wauzaji. Sina haja ya kwenda umbali huo. Bei zimegawanyika kwa sababu vitu vinavyouzwa vimegawanyika kweli, na mteja anayejua kiasi chake hufaidika na mgawanyiko huo. Hata hivyo mazoea mengine yanatia shaka. Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida ni bure, kuitoa ndiko kunakolipiwa, na mlango wa namna hiyo huwa na sababu. Mwanzoni mwa 2024, wakati sheria mpya ya data ya Umoja wa Ulaya ikisubiri kuanza kutumika, Google, kisha Amazon na Microsoft, walitangaza kuondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama moja kwa moja. Habari ilisomwa na wengi kana kwamba ada ya kutoa data imekufa. Haikufa. Anayehama mara moja amesamehewa. Anayehudumia wapakuaji kila siku, kama NASA, analipa kama kawaida.

Walioondoka kwenye wingu nao huletwa kama ushahidi kwamba wingu lote halifai. Dropbox, walipojiandikisha kuuza hisa mwaka 2018, walieleza kwamba kuhamishia mafaili ya wateja kwenye vituo vyao wenyewe kumewapunguzia gharama za uendeshaji kwa dola milioni 74.6 katika miaka miwili. Kampuni ya programu ya 37signals ilieleza kwamba bili yake ya wingu mwaka 2022 ilikuwa dola milioni 3.2, ikaamua kununua seva zake. Visa hivyo ni vya kweli, lakini vinathibitisha jambo jingine. Kampuni zote mbili ziliondoka baada ya miaka mingi ndani ya wingu, zikiwa zinajua kwa hakika zinahifadhi nini, zinasoma kiasi gani, na kwamba matumizi yao hayaruki-ruki. Walikuwa na nusu ya pili ya hesabu mkononi. Ukishakuwa nayo, kulinganisha seva ya kukodi na ya kununua ni kazi ya alasiri moja. Kuwaiga bila kuwa nayo ni kubadilisha kikokotoo tu na kuacha ubahatishaji ulivyo.

Basi kikokotoo ni cha nini? Ni kizuri sana kwa kulinganisha. Ukiweka makisio yale yale kwenye mipango miwili, Virginia na Cape Town, au malango mawili na moja, kosa la kiasi liko pande zote mbili na tofauti inayobaki inaaminika kuliko jumla yoyote. Ni kizuri pia kwa kuchokonoa: jaza kiasi unachodhani, kisha kizidishe kwa 10, utazame ni mstari gani wa bili unaovimba kuliko mingine. Huo ndio mstari wa kwenda kuupima, kwa kuwasha mfumo mdogo wa majaribio kwa wiki mbili na watumiaji halisi na kusoma mita. Kwa NASA, mtu angeweza kuuona kwa dakika 10. Petabaiti moja kupakuliwa, kwa bei za kawaida za Virginia zinazoshuka kutoka senti 9 hadi senti 5 kadiri mzigo unavyokua, ni zaidi ya dola 50,000, kabla ya punguzo lolote ambalo mteja wa ukubwa huo angepewa. Swali linalofuata ni petabaiti ngapi, na hilo halimo kwenye tovuti ya Amazon. Limo kwa watafiti wa misitu, wa barafu na wa mafuriko, ambao hata wao hawajui kesho watataka kupakua nini.

Mkaguzi alilielewa hilo. Hakuomba makadirio bora ya papo hapo. Alipendekeza uchambuzi huru wa kama mpango wote utahimilika kifedha kwa muda mrefu, na ufanyike baada ya setelaiti mbili kubwa, SWOT na NISAR, kuanza kazi na kutoa data ya kutosha. SWOT ilirushwa Desemba 2022. NISAR, iliyotengenezwa pamoja na shirika la anga la India, ilipaa kutoka Sriharikota tarehe 30 Julai 2025, miaka mitano baada ya ripoti, na imetazamiwa kumwaga takriban terabaiti 80 za data kila siku.